Sura ya Mhalifu Kabla ya Uhalifu

Kwenye majalada ya jarida la Crime Does Not Pay, neno moja linakula karibu nafasi yote ya juu. Neno hilo ni "Crime". Maneno matatu yanayofuata, yale yanayosema kwamba uhalifu haulipi, yamebanwa pembeni kwa herufi ndogo kama wageni waliofika karamuni chakula kimekwisha. Mtoto wa New York aliyepita mbele ya kibanda cha magazeti mwaka 1942 akiwa na senti 10 mfukoni aliuona uhalifu kutoka ng'ambo ya barabara. Kutolipa kwake alikuja kukusoma baada ya kununua. Mhakiki anaweza kuanza kazi hapo hapo, kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Ninaandika kama mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Arua, mwenye ndugu wa upande wa mama huko Koboko, na najua kuna atakayeuliza katuni za Marekani za miaka ya 1940 zinatuhusu nini. Mwenzangu darasani ameshauliza. Zinatuhusu kwa sababu zimejengwa juu ya swali moja, kwamba mhalifu anafananaje, na hilo ni swali ambalo sisi wa West Nile tumekuwa tukijibiwa na watu wengine tangu kabla sijazaliwa. Wengi walioandika kuhusu katuni hizi wanasema mvuto wake ni damu. Wengine wanasema ni raha ya kuona mwovu akiadhibiwa. Mimi naona mvuto uko mahali pengine. Katuni hizi zilimwahidi msomaji kwamba sura ya mhalifu inajulikana tangu fremu ya kwanza, na kwa kuwa kisa ni cha kweli, basi hata hiyo sura ni ya kweli.

Historia yake si ndefu. Kuuza habari za wauaji pamoja na michoro yao kulianza zamani sana Ulaya, na kufikia mwaka 1864 London ilikuwa na gazeti zima la kazi hiyo, Illustrated Police News. Katuni zilikuja nyuma. Mchapishaji Lev Gleason wa New York alikuwa na jarida la mashujaa lililoitwa Silver Streak Comics. Mwaka 1942 wahariri wake wawili, Charles Biro na Bob Wood, walilibadilisha jina na maudhui, wakaendeleza hesabu ya matoleo palepale ilipokuwa imefika, ndiyo maana toleo la kwanza la Crime Does Not Pay ni namba 22. Jina lenyewe walilichukua kwenye mfululizo wa filamu fupi za kampuni ya MGM. Kwa miaka mitano hivi walikuwa karibu peke yao katika biashara hiyo. Halafu vita vikaisha, askari waliozoea kusoma katuni kambini wakarudi nyumbani, mashujaa wenye majoho wakaanza kuchosha, na kuanzia mwaka 1947 kila mchapishaji akataka jarida lake la uhalifu. Crime Does Not Pay likaanza kujisifu kwenye jalada kwamba lina wasomaji zaidi ya milioni 6. Tarakimu za matangazo ni za kusomwa kwa tahadhari, lakini hakuna aliyebisha kwamba liliuzwa mno.

Visa vyenyewe vilihusu majambazi wa miaka ya 1920 na 1930, watu ambao baba na mama wa yule mtoto waliwahi kusoma habari zao magazetini. Muundo haubadiliki sana. Tunamwona kijana akiiba kitu kidogo. Anapigana, anaua, anapata fedha na suti, anaua tena. Katika ukurasa wa mwisho polisi wanampiga risasi, au anapelekwa kwenye kiti cha umeme. Ukihesabu fremu, na nimehesabu katika visa kadhaa ambavyo leo vinapatikana bure mtandaoni kwa kuwa hakimiliki yake imekwisha, uhalifu unachukua kurasa tano au sita na adhabu inachukua fremu mbili. Hapo ndipo wakosoaji wa zamani walipoweka kidole, na hawakukosea. Fundisho lilikuwa tiketi ya mlangoni. Ukishaingia hakuna anayekuuliza tiketi.

Lakini hebu tumtazame Bwana Uhalifu, yaani Mr. Crime. Huyu alijitokeza kuanzia toleo la 24, mwezi Novemba 1942. Ni mzuka mweupe mwenye kofia ndefu iliyoandikwa jina lake, na anaelea pembeni ya fremu akizungumza na msomaji. Wahusika hawamwoni. Anamsifu jambazi akifanya vizuri, anamcheka akikosea, na jambazi akianguka anamkana mchana kweupe. Kwa msomaji aliyekulia kwenye ngano tunamfahamu mtu huyu: ni mtambaji. Anajua mwisho, anakula njama na hadhira, na hawajibiki kwa lolote. Nadhani ndiye ubunifu mkubwa kuliko wote wa Biro na Wood, na inanishangaza kwamba anazungumziwa kama pambo tu. Bila yeye msomaji angekuwa peke yake na mauaji. Akiwepo yeye, msomaji ana mwenzake wa kukaa naye, na tena mwenye haya kidogo kuliko yeye.

Kazi ya pili ya mzuka huyu ni kuonyesha kidole. "Huyu hapa," anasema kwa namna moja au nyingine, na sisi tunamtazama anayeonyeshwa. Mara nyingi tunaona macho yaliyobanana, taya zito, midomo iliyopinda, kivuli cheusi upande mmoja wa uso hata kama ni saa sita mchana. Mpita njia aliyechorwa katika fremu hiyo hiyo ana uso wa duara usio na mistari. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi hutufanya tumtilie shaka kila mtu hadi ukurasa wa mwisho. Mchoraji wa katuni ya uhalifu wa kweli hatufanyi tumshuku yeyote, kwa sababu wino umeshatoa hukumu. Na kwa kuwa juu ya ukurasa imeandikwa kwamba kisa hiki ni cha kweli, mtoto anafunga jarida akiwa amejifunza jambo ambalo hakuna hata sentensi moja imelisema: kwamba waovu wana sura yao.

Kwetu Afrika Mashariki jarida la namna hiyo halikuja likiwa limechorwa. Lilikuja kwa picha za kamera. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Drum ya Jim Bailey, ile iliyochapisha jarida maarufu la Drum, ilianza kusambaza African Film, hadithi za picha za mpelelezi Lance Spearman, ambaye kila mtu alimwita Spear. Zilisomwa Nairobi, Kampala, Lagos na Accra. Spear aliigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Alivaa kofia na tai ya kipepeo, alivuta sigara kubwa, aliendesha gari la michezo, na alikuwa na msaidizi aliyeitwa Sonia, kijana mdogo Lemmy na rafiki polisi, Kapteni Victor. Visa vyake havikudai kuwa vya kweli, na hapo vinaachana na akina Biro. Hata hivyo kamera ilifanya kazi ambayo neno "kweli" lilifanya New York. Gari lilikuwa gari. Mtu mweusi aliyevaa suti na kuvunja mlango kwa bega lake alikuwa mtu mweusi wa nyama na damu, si mchoro wa mzungu uliopakwa rangi.

Mjomba wangu wa Koboko alikuwa mvulana wa shule mwanzoni mwa miaka ya 1970 na anasema nakala moja ilipita mikononi mwa darasa zima, hadi ikabaki karatasi laini kama kitambaa. Zake zilibaki nyuma familia ilipokimbilia Zaire. Nilimwomba anisimulie kisa kimoja, kimoja tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Akashindwa. "Mpwa wangu, hadithi zimekwenda," akaniambia, "lakini yule Zollo wa mkono wa ndoana, hata leo nikimkuta Oraba kwenye foleni ya forodha nitamjua." Rabon Zollo alikuwa adui mkubwa wa Spear. Miaka 50 imepita, njama zote zimefutika, na kilichobaki kichwani mwa mzee huyu ni mwovu mwenye alama mwilini. Sijui ushahidi bora zaidi wa hoja yangu.

Ni haki kusema hapa kwamba waandishi wa Kiswahili walikuwa wameshafungua njia nyingine. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960, alimfanya Bwana Msa wake aketi, avute kiko chake na asikilize watu wakizungumza. Katika riwaya za Bwana Msa, mwenye hatia huwa ni mtu wa nyumbani, aliyepikiwa chai na kila mmoja. Faraj Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake, walisogea karibu zaidi na bastola na magari. Sitaki kukaa sana hapa, maana riwaya hizi zimehakikiwa vya kutosha katika vyuo vyetu. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba neno lililoandikwa linaweza kuuficha uso. Picha haiwezi, au inahitaji mchoraji mwenye akili nyingi ili iweze.

Mchoraji wa namna hiyo alikuwepo, na kisa chake ndicho kinachonifanya nisikubaliane na wale wanaozitupa katuni hizi zote jalalani. Jack Cole, aliyejulikana zaidi kwa kuchekesha, mwaka 1947 alichora katika True Crime Comics toleo la 2 hadithi iitwayo Murder, Morphine and Me. Msimulizi ni msichana aliyeingia katika biashara ya dawa za kulevya. Anaongea yeye mwenyewe. Hakuna mzuka wa kumwonyesha kidole. Mwanzoni kabisa tunaingia ndani ya jinamizi lake: mkono wa mtu, sindano, na jicho lake limefunguliwa kwa nguvu. Kurasa zinazofuata zimechorwa kwa kasi ya mtu anayetapika maneno, miili inapinda, ngazi na mitaa inapinda pamoja nayo. Uso wa msichana unabadilika ukurasa hadi ukurasa. Kuna fremu ana uso wa malaika na anafanya uovu. Kuna fremu ana uso wa kutisha na anachofanya ni kulia tu. Cole alikuwa ameigundua dawa ya ugonjwa ninaouzungumzia: ukimwachia mhalifu asimulie, mchoraji analazimika kumpa zaidi ya sura moja.

Sasa angalia kilichotokea. Daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alichapisha kitabu chake Seduction of the Innocent mwaka 1954, akidai kwamba katuni za uhalifu zinawaharibu watoto. Kati ya picha alizochagua ili kuwatisha wazazi ilikuwemo ile ya sindano na jicho. Aliikata ikasimama peke yake, bila jinamizi lililoizunguka, bila sauti ya msichana. Mwaka huo huo kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ilisikiliza ushahidi kuhusu katuni na uhalifu wa vijana, wachapishaji wakaogopa kutungiwa sheria, na mwezi Oktoba wakajitungia kanuni wenyewe. Wengi waliotaka jarida lao lisambazwe walilazimika kupata muhuri wa kanuni hiyo. Crime Does Not Pay lilikufa mwaka 1955 katika toleo la 147, likiwa limeshalegea kiasi kwamba ukilisoma unahisi unatembelea mgonjwa.

Kumbeza Wertham ni rahisi, na wapenzi wa katuni wamefanya hivyo kwa miaka 70. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley alionyesha, baada ya kupekua mafaili yake, kwamba daktari huyo alibadilisha maneno ya watoto na kuunganisha visa vya watoto mbalimbali ili hoja yake ipendeze. Hilo ni kosa kubwa la kitaaluma na sitalitetea. Lakini huyu huyu ndiye aliyesaidia kufungua kliniki ya bei ndogo kwa Wamarekani weusi mtaani Harlem mwaka 1946, na utafiti wake kuhusu madhara ya kuwatenga watoto weusi shuleni ulitumika katika kesi zilizofikia hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1954. Na ndani ya kitabu chake kuna malalamiko ambayo wachekaji wake huyaruka: kwamba katika katuni mtoto anafundishwa kuwagawa watu kwa sura, wenye nywele na ngozi fulani upande wa wema, weusi na wageni upande wa wanyama na wauaji. Alikosea kuhusu mtoto kuiga kisu. Kuhusu mtoto kuiga jicho linalotazama, nadhani alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Cha ajabu ni kwamba kanuni iliyotokana na kampeni hiyo haikugusa kabisa suala la sura. Ilisema neno "crime" lisiandikwe jaladani kwa herufi kubwa mno kuliko maneno mengine ya jina la jarida, kwa hiyo ile hila niliyoanza nayo walikuwa wameiona. Ilikataza uhalifu usionyeshwe kwa namna ya kumfanya msomaji amhurumie mhalifu. Ilikataza polisi, majaji, maofisa wa serikali na taasisi zinazoheshimiwa wasichorwe kwa namna ya kuondoa heshima yao. Weka masharti hayo mawili pamoja na uone yanazaa nini. Hadithi ya msichana wa Cole haiwezi kuchorwa tena, kwa sababu tulimhurumia. Hadithi ya polisi mwizi haiwezi kuchorwa. Kinachobaki ni yule yule mtu mwenye taya zito na kivuli usoni, ila sasa hana hata damu ya kutufanya tushtuke. Kanuni iliondoa ukatili na kuacha uongo.

Kuna jambo moja kuhusu wahariri wale ambalo siwezi kuliruka. Bob Wood, mmoja wa wawili waliotumia zaidi ya miaka 10 kuwaambia watoto wa Marekani kwamba muuaji anajulikana kwa kumtazama, alimuua mwanamke katika chumba cha hoteli New York mwaka 1958, akahukumiwa kwa kuua bila kukusudia na kufungwa. Watu wa fani yake walikuwa wakifanya kazi naye kila siku.

Nirudi nyumbani. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwezi Aprili 1979, mtu aliyezaliwa upande wetu alihitaji kufungua mdomo tu huko kusini na hukumu ilikuwa tayari. Amin alihesabiwa kuwa mtu wa Koboko. Kwa hiyo Mkakwa, Mlugbara, Mnubi, hata Mmadi ambaye hakuwahi kumwona rais huyo ila kwenye noti, wote waliwekwa katika fremu moja. Waliitwa "Anyanya", jina la waasi wa Sudan Kusini, ikimaanisha kwamba ni wageni na ni wauaji. Rangi ya ngozi, chale za usoni, Kiswahili cha kijeshi: hizo ndizo zilikuwa taya zito na macho yaliyobanana. Hata lugha hii ninayoandikia ilikuwa alama. Kuna wazee waliokaa Kampala miaka mingi bila kutamka neno la Kiswahili hadharani, na leo serikali inaifanya kuwa somo la lazima shuleni na sisi vijana tunaisomea shahada. (Mjomba analiona hili kuwa jambo la kuchekesha kuliko yote niliyomwambia.)

Jeshi jipya la serikali, UNLA, lilipoingia West Nile mwaka 1980 na kulipiza kisasi, watu walikimbilia Zaire na Sudan kwa malaki. Tarehe 24 Juni 1981 askari walishambulia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, kilomita chache kutoka Arua mjini, ambamo raia walikuwa wamejificha, wakaua watu waliokimbilia humo. Katika katuni, na hasa katika katuni yenye muhuri wa kanuni, mtu aliyevaa sare ndiye anayefika katika fremu ya mwisho kurudisha amani. Sijui mchoraji angefanya nini na Ombaci. Angelazimika kuanza kwa kuwanyang'anya wote sura walizopewa.

Serikali ya Amin nayo ilikuwa na katuni yake ya uhalifu wa kweli, ikiwa utaniruhusu kuiita hivyo. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda huko Kampala lilionyesha picha zilizotoka katika hazina ya negativu karibu 70,000 za wapiga picha wa serikali, zilizohifadhiwa katika shirika la utangazaji la taifa. Miongoni mwa picha za hazina hiyo wamo watuhumiwa wa mahakama ya makosa ya uchumi, iliyoundwa mwaka 1975, ambayo iliweza kutoa hata adhabu ya kifo kwa magendo na kuficha bidhaa. Mtu amesimamishwa mbele ya kamera na bidhaa zake zimepangwa mbele yake. Ndiyo fremu ya Biro kabisa: huyu hapa, na hiki hapa. Waliotoweka mikononi mwa vyombo vya usalama vya serikali ile ile hawana picha ya namna hiyo. Walioandaa maonyesho walilisema hilo, kwamba ukatili wenyewe karibu haumo katika hazina. Kamera ya dola ilimjua mficha sukari. Muuaji ilimpiga picha akikata utepe.

Na magendo ni neno ambalo mtu wa Arua halisemi kwa sauti ya mtu wa Kampala. Mpaka wa Vurra uko karibu, Ariwara ya Congo iko karibu, Koboko imekaa mahali nchi tatu zinapokutana. Vijana waliorudi kutoka uhamishoni miaka ya 1980 bila ardhi iliyolimwa, bila vyeti, bila ajira, walianza kuuza petroli iliyovushwa kutoka Congo, ambako bei ilikuwa nafuu kwa kuwa haikuwa na ushuru wa Uganda. Walikaa kando ya barabara na jerikeni zao, na mji mzima ukawaita OPEC Boys kwa mzaha juu ya ule umoja wa nchi zinazouza mafuta. Kisheria walikuwa wahalifu kila saa ya siku. Polisi waliwakamata na kuwanyang'anya mali. Lakini maofisa na wanasiasa walijaza matangi yao hapo hapo, na wakati wa uchaguzi waliwatafuta kwa sababu vijana hao walikuwa wengi na walisikilizwa mtaani. Walimu walinunua kwao. Padri alinunua kwao.

Nimejiuliza mara nyingi Biro angemchoraje OPEC Boy. Nadhani najua: usiku, jerikeni, jasho, kiberiti mkononi karibu mno na mafuta, na Bwana Uhalifu juu ya mti wa mwembe akicheka. Ingekuwa picha nzuri. Ningeinunua. Nakiri kwamba katuni hizi zinanivuta kama zilivyomvuta yule mtoto wa New York, na sioni haja ya kuvaa miwani ya msomi na kujifanya nazisoma kwa ajili ya utafiti tu. Zinavuta kwa sababu kuambiwa nani wa kumwogopa ni raha. Inapumzisha. Anayeishi katika nchi ambayo hajui kama hodi ya usiku ni ya mwizi au ya askari ana sababu nzuri kuliko mtu yeyote ya kutamani dunia ambayo taya la mtu linamtangaza. Labda ndiyo maana Spear alipendwa sana Uganda katika miaka ile ile ambayo kumtambua mwovu barabarani kulikuwa kunageuka kuwa jambo gumu.

Mhadhiri wetu mmoja alipinga hoja hii nilipoiwasilisha darasani. Alisema natia siasa katika burudani, na kwamba kila sanaa ya picha hutumia alama za haraka, la sivyo msomaji atapotea. Hoja yake ni nzito kuliko nilivyotaka iwe. Hata sanamu za watakatifu makanisani kwetu zina alama zake, na hakuna anayelalamika. Ila tofauti naiona katika lile neno "kweli". Zollo na ndoana yake hawakudai kuwepo. Anayechora mtu aliyewahi kuishi, akamwekea jina lake halisi na mji wake halisi, kisha akamkunja uso ili tumchukie mapema, ameongeza ushahidi ambao mahakama haikuupokea.

Mwaka 1984 John Kiriamiti wa Kenya alitoka gerezani, alikokuwa tangu mwaka 1971 kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na mwaka huo huo kitabu chake My Life in Crime kikachapishwa. Alikuwa amekiandika akiwa ndani. Wakenya walikinunua kama mkate na bado wanakinunua. Hakina michoro ndani yake. Jambazi anasema "mimi" tangu mwanzo, na msomaji anakaa nyuma ya macho yake badala ya kukaa mbele yake, kwa hiyo uso wake hauonekani kabisa. Sisemi kwamba kinatusaidia kuwa wema. Kuna kurasa zinazojisifu, na mtu wa benki aliyeelekezewa bunduki hapewi nafasi ya kusema lake. Lakini ni njia ile ile ya Cole, aliyoifikia mtu ambaye huenda hakuwahi kumsikia Cole.

Katika Arua kuna vijana wanaochora. Wanachora vibao vya vinyozi, migongo ya malori yanayokwenda Juba, matangazo ya afya ya kliniki. Kwenye kibao cha kinyozi kuna nyuso sita au nane, kila moja na mtindo wake wa nywele, zote zimechorwa kwa uangalifu sawa kwa sababu mteja yeyote anaweza kuchagua kuwa yeyote kati yao. Ningependa kuona kisa cha kweli cha hapa, cha petroli, cha mpaka, hata cha mwaka 1981 ikiwa jamaa za waliokufa wataridhia, kikichorwa na mkono uliojifunza nyuso kwenye vibao hivyo. Msimulizi awe mmoja wa wale wa jerikeni. Yule askari wa forodha anayemkamata asubuhi na kununua kwake jioni achorwe mara zote mbili kwa uso mmoja.